Ni Digrii Gani Haina Kupima Mtu?

Mpendwa mshauri, Shangazi Marion,

Naomba msaada, na kabla hujafikiria mimi ni mtu wa kuombaomba ujue kwanza unaandikiwa na nani. Mimi ni Mzee Osewe wa Laini Saba, fundi wa bati, yule mwenye karakana kando ya reli ukitokea Mashimoni, uliza mtu yeyote atakuonyesha, na akishindwa kukuonyesha basi huyo ni mgeni hapa. Yale masanduku ya bati ambayo watoto wa huku wameenda nayo shule za bweni nimeyakunja mimi, wengine wao leo ni mawakili, na uwakili wao ulianza na sanduku ambalo halikuingiza maji. Shule nilisoma kidogo, lakini kidogo ya wakati ule ni nyingi ya leo, kwa hivyo barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na pahali utaona nukta imekosekana ujue fikira zilikuwa zinakuja kwa wingi.

Sasa sikiliza. Nina mjukuu anaitwa Audrey Aketch, binti ya mwanangu Oloo, yule bawabu wa kule Kawangware. Akili ya huyo msichana imetoka kwangu, hiyo haina ubishi, hata mama yake anakubali, ingawa anakubali akiangalia kando. Mtihani wa kidato cha nne ameupita vizuri sana, na ilipofika kuchagua kozi ya chuo kikuu kwa ule mtandao wa serikali, yeye akachagua kusomea kubuni vitu. Si nguo, si nyumba, ni vitu, yaani kiti, jiko, taa, kifuniko cha dawa ambacho mtoto hawezi kufungua lakini mgonjwa anaweza. Nikamwuliza, "Kwani vitu havijabuniwa vyote?"

Akanijibu, "Kwara, hiyo jiko yako inachoma watu vidole kila siku na hakuna mtu amewahi kuuliza mbona mshikio uko hapo."

Kwara ni babu kwa Kijaluo chetu. Nikanyamaza, si kwa kushindwa, nilikuwa nameza chai.

Akanieleza kwamba hizo digrii ziko za namna nyingi. Moja iko upande wa sanaa, hapo wanaanza na penseli na karatasi mpaka vidole vinaota sugu. Nyingine iko upande wa uhandisi, hapo kuna hesabu na mashine za kukata chuma. Nyingine ni ya chuo cha kulipia chenye jengo la vioo vitupu, na hiyo nilimkataza kuitaja mbele ya baba yake kwa sababu Oloo akiisikia anakosa usingizi hata mchana. Halafu kuna diploma ya chuo cha ufundi, ambayo mtu anaweza kupandia mpaka digrii. Yeye aliweka hizo mbili za kwanza juu, ya sanaa na ya uhandisi, akawa anazungusha kichwa aanze na ipi, na mimi nilikuwa nimeshaanza kutangaza hapa reli kwamba chuo kikuu kimemwita mjukuu wa Osewe, ingawa kilikuwa bado hakijaita mtu.

Shida ikaanzia kwa kiti.

Ile ya upande wa sanaa inataka mtu aende na kazi ya mkono wake aonyeshe. Audrey akasema atatengeneza kiti cha fundi, kiti cha mtu anayepiga bati akiwa ameinama siku nzima, na hapa, Shangazi, nakuomba hii ikae kati yako na mimi, usiitoe kwa gazeti. Mgongo unaniuma. Unaniuma sana. Mimi kazi yangu nafanya nikiwa nimekalia mkebe wa rangi, na jioni nikitaka kusimama inabidi nishike nguzo, nikohoe, nijifanye naangalia kama mvua inakuja, halafu nainuka polepole nikiangalia mawingu. Audrey peke yake ndiye aligundua, kwa sababu siku moja hakukuwa na mawingu. Nikamwambia, "Mgongo wangu usitajwe mahali popote, unasikia?" Akasema, "Sawa Kwara." Kwa maana mimi nimewaambia mafundi wote wa hapa kwamba fundi anayetaka kiti aende akafanye kazi ya benki, na nimesema mgongo wangu ni wa reli. Maneno hayo yamekaa. Kuna vijana wanayarudia.

Basi akaja na utepe wa kupimia na chaki, akaanza kunipima mbele ya karakana, kwa sababu ndani hakuna nafasi ya watu wawili kunyoosha mikono. Akapima kutoka goti hadi kisigino, akapima kiuno, akapima mkono unafika wapi nikishika nyundo.

"Usivute tumbo ndani, Kwara."

"Sijavuta."

"Umevuta. Nikipima tumbo ya uongo, kiti pia itakuwa ya uongo."

Halafu akaniambia nilale chali juu ya kipande cha plaiwudi, nijinyooshe, anizungushie chaki kutoka kichwani mpaka miguuni. Alitaka kukata mtu wa katoni mwenye kimo changu, anayekunjika magoti na kiuno, ndio awe anamkalisha kwa viti mbalimbali bila kunisumbua. Mimi nikaona hiyo ni heshima kubwa, nani mwingine hapa Laini Saba amewahi kutengenezewa mfano wake? Nikalala. Nikafunga na macho, jua lilikuwa kali.

Sasa ujue jirani yangu wa karibu kabisa, ukuta kwa ukuta, ni Khamala, fundi wa majeneza.

Nikasikia kivuli kimesimama juu yangu. "Mzee Osewe," Khamala akasema.

"Naam."

"Uko sawa?"

"Kukushinda wewe."

"Na huyu msichana anakupima ya nini?"

Nikiwa pale chini nikafikiria haraka. Nikisema kiti, atauliza kiti cha nini, na kufika jioni vijana wote wa reli watakuwa wananiuliza benki nimeajiriwa lini. Kwa hivyo nikamjibu maneno ambayo yalitoka yenyewe, tena yakatoka yakiwa matamu. Nikasema, "Hayo ni mambo ya wazee. Mtu mkubwa hupanga mambo yake mapema."

Khamala akavua kofia. Akaniambia kwa sauti ya mtu aliyeumia, "Lakini, mzee, tumekuwa majirani hii miaka yote. Ungeniambia mimi."

"Mjukuu wangu atanitengenezea mwenyewe," nikasema, "na itakuwa nzuri kuliko kitu yoyote imetoka kwa mikono yako."

"Itakuwa na kidirisha cha kioo?"

Nikafikiri ananichezea. Nikamwambia itakuwa na kila kitu. Akaenda zake, na hakupiga msumari hata mmoja tena siku hiyo.

Shangazi, wewe unajua kwetu mtu aliye hai halazwi juu ya mbao akapimwa urefu. Anayepimwa hivyo ni yule amemaliza. Ningeweza kurudisha maneno siku hiyohiyo, lakini mimi maneno yangu nikishayatoa hayarudi, ndivyo nilivyoumbwa.

Khamala alimwambia mama mmoja muuza samaki. Yule mama akamwambia Okoth, mwenyekiti wa chama chetu cha kusafirisha maiti nyumbani. Okoth ni mtu wa bidii, akapiga simu nyumbani Bondo kuwaambia wajitayarishe polepole, kwamba Osewe hajaenda lakini ameshapimwa. Kufika kule, ile simu ilikuwa imeacha neno "hajaenda" mahali njiani.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa mwenye ploti, Ng'ang'a, ninayemlipa kodi ya karakana, kutoka kwake Kawangware. Amekuja na mama mmoja wa saluni, wamesimama mlangoni wanaonyeshana pahali pa kuweka kioo na pahali pa kuweka kiti cha kuosha nywele, na mimi niko hapo mbele yao nimeshika nyundo.

"Kumbe uko, mzee?" Ng'ang'a akasema.

"Kwani ulitaka niwe wapi?"

"Hapana, ni vizuri. Ni vizuri tu kuwa uko." Halafu akamgeukia yule mama, akamwambia, "Tutaongea."

Wa pili alikuwa dada yangu Seline, mwenyewe kutoka Bondo. Huyo alianza kulia aliposhuka gari, akalia kufuata reli yote, watu wakaacha biashara wakamfuata nyuma. Akafika kwangu, akajitupa chini mlangoni akipiga uso na leso, "Osewe ndugu yangu, umeniachia nani! Uweee, ndume ya mama yangu!" Akainua kichwa. Akanikuta nakula ugali na omena.

"Unakula?" akasema.

"Karibu," nikamwambia.

Alinipiga na kile kitambaa cha kichwa chake mpaka bakuli ikamwagika. Halafu akakaa chini akaendelea kulia pale alipoachia. Nikamwambia, "Seline, si unaniona?" Akasema, "Nyamaza. Siwezi kutoka Bondo na kilio kizima halafu nirudi nacho." Alimaliza chote. Majirani wakamsaidia. Nikaliliwa nikiwa hapo, na sitakuficha, kilikuwa kilio cha mtu mkubwa, nilisikia mambo mazuri mengi ambayo sikujua watu wanayajua.

Lakini baada ya kufuta macho Seline akaitisha kikao cha familia. Tukakaa nyumbani kwangu, Seline, Oloo na mke wake, Okoth wa chama, na Khamala ambaye hakualikwa lakini alikuja kama shahidi. Audrey akawekwa katikati. Seline akamwuliza, "Nani alikutuma umpime babu yako akiwa hai?"

Audrey akaniangalia. Mimi nikaangalia mabati ya paa, kuna moja inataka kubadilishwa.

Akasema, "Ni kazi ya kozi, Dani." Dani ni nyanya kwetu. Akainamisha kichwa, hakuongeza kitu.

"Shule gani hiyo inaanza kwa kupima wazee?" Seline akapiga mkono kwa paja. "Atafutiwe kozi nyingine. Safi. Bila mikosi."

Oloo akasema labda unesi. Okoth akasema nesi anapima pia, anapima joto, anapima uzito, unesi utoke. Khamala akataja ushonaji, wote wakamwangalia, akakumbuka mwenyewe utepe. Mwishowe wakakubaliana ualimu. Oloo akasema yeye hawezi kuamua juu ya kichwa cha baba yake, neno liwe langu. Wote wakanigeukia, na Shangazi, mtu akigeukiwa na watu wote namna hiyo lazima atoe kitu kizito. Nikasimama, mgongo ukinichoma kama moto, nikasema, "Kozi ya kupima watu haitasomwa katika ukoo wa Osewe." Wakasema "Eee." Ilisikika vizuri sana.

Sasa Audrey anatakiwa abadilishe kozi, aweke ualimu, na huo mtandao unafungwa Ijumaa jioni. Amesema atabadilisha Ijumaa asubuhi kwa sababu baba yake ameamuru na mimi nimesema. Hajanijibu vibaya hata kidogo. Ananiletea chai, anaiweka, anaondoka. Zamani akiileta alikuwa anakaa ananicheka. Chai ni ileile, sukari ileile, lakini hainyweki.

Na kuna kitu kingine. Kile kiti alikuwa ameshakiunga, cha kujaribia tu, cha vipande vya plaiwudi na katoni, baada ya kikao akakisukuma nyuma ya marundo yangu ya bati. Khamala akienda kula, mimi ninakitoa. Ninakikalia. Kina mahali pameinama pale mgongo unapotaka kuegemea, na magoti yanashuka yenyewe, na nikishika nyundo bega halipandi. Nikikaa hapo mgongo unanyamaza kabisa. Nikisikia Khamala anarudi ninakificha narudi kwa mkebe wangu. Usiku ni mbaya zaidi kwa sababu Seline amekatalia kwangu mpaka nifanyiwe maombi, amechukua kitanda, mimi nalala chini.

Kwa hivyo swali langu ni fupi. Wewe ni mtu umesoma, unajua vyuo vyote. Nataka nisirudishe neno langu na Audrey asikose masomo yake. Hebu niambie, kati ya hizo digrii za kubuni vitu, ile ya sanaa, ile ya uhandisi, ile ya vioo na ile diploma, ni gani haina kupima mtu? Ukinipatia hata moja, nitasimama mbele yao wote niseme Osewe ametafuta na amepata.

Ni mimi,
Mzee Osewe, fundi mkuu, Laini Saba


SHANGAZI MARION ANAJIBU

Mzee Osewe, pole kwa mgongo.

Ndiyo, nimeuchapisha. Wasomaji wajue kwamba nilikupigia simu kukuomba ruhusa ya kutoa barua hii, nawe ukaniambia niitoe yote mradi pale penye mgongo niandike goti. Nikakataa. Ukasema basi niandike jino. Nikakataa tena. Ukafoka, ukasema nifanye nitakavyo na watu wa magazeti tumezoea, ukakata simu. Nimefanya nitakavyo. Barua yako imeruka foleni ya wiki nzima ya waliogombana na wakwe zao, kwa sababu leo ni Alhamisi na Ijumaa haingoji mtu.

Nianze na swali lako, maana umeliuliza kwa uzito. Digrii isiyopima mtu hakuna. Si ile ya sanaa, si ile ya uhandisi, si ile ya vioo, si diploma. Anayetengeneza kitu cha kushikwa lazima ajue mkono, anayetengeneza cha kukaliwa lazima ajue matako. Hata wewe, yale masanduku uliyowabebesha mawakili wako, si ulijua mtoto wa kidato cha kwanza anabeba kimo gani? Ulimpima kwa macho akiwa hai, akaenda shule, akarudi.

Usinifundishe mila, mimi pia baba yangu amezikwa karibu na ziwa lile lile la kwenu Bondo. Kwetu tunaogopa kumpimia mtu jeneza akiwa anapumua, na ni vizuri tunaogopa. Hatuogopi utepe. Oloo alipooa, fundi wa suti hakukuzungukia kifua? Wewe hukufa, na suti naamini ulitamba nayo mpaka mtaa wa Ayany. Kilichomvua Khamala kofia ni ulimi wako wewe, ulipokuwa umelala chali katikati ya mchana ukimwambia fundi wa majeneza kwamba mtu mkubwa hupanga mapema. Ungesema "kiti." Silabi mbili, mzee! Angerudi kwa misumari yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wengi wetu huwa hatukisikii kilio chenyewe. Wewe umeletewa chako kutoka Bondo ukiwa na tonge mkononi, na bado ukarudi kuficha.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kuna mahali katika barua yako umepita mbio sana. Unasema Audrey aliwekwa katikati akaulizwa nani alimtuma. Unasema alikuangalia. Halafu unanieleza habari za bati la paa. Mzee wangu, mimi nimebaki palepale. Yule msichana alikuwa na jibu la kumwokoa. Angesema tu, "Kwara anaumwa mgongo, nilikuwa namtengenezea kiti," Seline angemkumbatia, Khamala angemwazima randa. Hakusema, kwa sababu wewe ulimwambia usitajwe, naye akasema sawa. Ameshika neno lako, tena katika kikao ambapo wewe mwenyewe ulikuwa umekaa hapo akizama. Unajisifu kwamba neno lako halirudi. Katika nyumba hiyo mwenye neno ni mmoja, na ndiye anatakiwa Ijumaa asubuhi afute masomo yake kwa mkono wake ili watu wasijue kwamba unashika nguzo ukisimama. Halafu unashangaa chai haina ladha.

Na ualimu. Ualimu ni kazi ya heshima, mimi mwenyewe nimeufanya, na ndiyo maana haufai kupewa mtu kama adhabu. Mwalimu aliyetupwa darasani na kikao cha ukoo watoto humjua siku ya kwanza.

Kwa wazazi wengine mlio kwenye njia panda kama hii, na Oloo nakutazama wewe, hizo digrii msizichague kwa ukubwa wa jina wala kwa vioo. Vioo havifundishi mtu. Nendeni chuoni, mwombe kuonyeshwa karakana. Mkionyeshwa kompyuta tu, ulizeni vitu viko wapi. Watafuteni wanafunzi wa mwaka wa mwisho, muwaulize wametengeneza nini na nani anakitumia; kama wana picha tu na hakuna kitu cha kushika, shukuruni mwondoke. Ulizeni kama kozi imeidhinishwa, mkiulize chuo chenyewe, kisha muulize tena nje ya chuo. Mtoto anayependa kuchora na kukaa na watu akiwatazama wanavyohangaika, mara nyingi upande wa sanaa humfaa. Anayetaka kujua kwa nini chuma kimevunjika hapa na si pale, upande wa uhandisi. Diploma si aibu, ni ngazi, mradi muulize mapema kama ngazi hiyo kweli inafika juu, maana nyingine huishia ukutani. Huyu Audrey, aliyekemea mshikio wa jiko na akagundua mzee anaangalia mawingu yasiyokuwapo, anaweza kwenda popote kati ya pande hizo mbili. Kwa hivyo achague yeye. Wewe hukuulizwa digrii, mzee. Uliulizwa ukweli.

Hivi ndivyo utakavyofanya, na ni leo, si baada ya maombi ya Seline. Weka nyundo chini. Mpigie Oloo simu, mwambie Audrey asiguse ule mtandao, abaki na kozi zake alivyozipanga. Hiyo kwanza, kabla ya hotuba yoyote. Halafu waite walewale waliokuwa kwenye kikao. Seline unaye tayari, yuko kwenye kitanda chako. Okoth hakosi mkutano. Khamala gonga ukuta tu. Kiti kitoe nyuma ya mabati, kiweke mbele yao wote, ukikalie wakiona. Wale vijana wa reli watakucheka siku mbili, kisha mmoja wao atakuja jioni, peke yake, kuuliza kama mjukuu wako anaweza kumtengenezea chake, kwa sababu wewe si wa kwanza hapo kuangalia mawingu. Ng'ang'a naye mwambie saluni itafute ukuta mwingine.

Audrey mwambie pia kiti kinafinya wapi. Usimsifie tu. Anayebuni hahitaji sifa zako kama anavyohitaji kujua pale panapouma, na ni wewe peke yako unayeweza kumwambia. Usimwambie umemsamehe, hajakukosea. Usimwambie umetafuta na umepata.

Ukishasimama mbele yao, sema hivi: "Mgongo uliniuma, huyu mtoto akanisaidia, akalaumiwa nikanyamaza." Basi. Najua utataka kuongeza kitu cha mawakili. Usiongeze.